Ukongwe katika Seneti ya Kongo: Nani hutangulia, na kwa haki ipi?

Katika Seneti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, seneta wa kwanza kukalia kiti cha spika baada ya uchaguzi si kiongozi wa chama chenye viti vingi, wala si yule aliyetumikia kwa miaka mingi. Ni seneta aliyezaliwa kabla ya wenzake wote. Katiba humkabidhi uongozi wa muda, humweka kati ya maseneta wawili wenye umri mdogo kuliko wote, kisha humtaka aondoke mara tu viongozi wa kudumu wanapochaguliwa.

Kwa mtazamo wa haraka, hiyo ni heshima tu kwa uzee. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 2021 kanuni hiyohiyo ilichangia kuiangusha serikali mjini Kinshasa. Miaka minne baadaye, ukongwe wa aina nyingine, yaani kiti cha maisha cha rais wa zamani, haukutosha kumkinga mwenye kiti hicho asifikishwe mahakamani. Makala haya yanaeleza jinsi ukongwe unavyohesabiwa katika Seneti ya nchi hiyo jirani, unampa seneta mamlaka gani, na mamlaka hayo yanaishia wapi.

Seneti na maseneta wake

Kongo ina Bunge lenye mabaraza mawili: Bunge la Taifa, ambalo wabunge wake 500 huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, na Seneti, ambayo wajumbe wake huchaguliwa na mabunge ya mikoa. Kila mkoa kati ya mikoa 25 hupeleka maseneta wanne, na mji wa Kinshasa, ambao una hadhi ya mkoa, hupeleka wanane. Jumla yao ni 108. Kiti cha 109 ni cha rais wa zamani, ambaye hachaguliwi na bunge lolote la mkoa.

Muhula wa seneta ni miaka mitano na unaweza kurudiwa. Mgombea anatakiwa awe ametimiza umri wa miaka 30, wakati mgombea wa Bunge la Taifa anatakiwa awe na miaka 25. Tofauti hiyo ya miaka mitano ni dalili ya fikra iliyowaongoza watunga Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kwamba baraza la juu ni mahali pa watu waliokomaa zaidi.

Seneti si chombo kipya nchini humo. Ilikuwapo tangu uhuru mwaka 1960, ikafutwa na Katiba ya mwaka 1967 ya Rais Mobutu iliyoanzisha bunge la baraza moja, kisha ikarejeshwa katika kipindi cha mpito kilichoanza mwaka 2003 baada ya miaka ya vita. Seneti ya mpito iliongozwa na Askofu Pierre Marini Bodho. Katiba ya mwaka 2006 ndiyo iliyoipa sura iliyo nayo leo.

Nafasi ya spika wa Seneti ina uzito wa pekee. Kwa mujibu wa kifungu cha 75 cha Katiba, kiti cha urais kikiwa wazi kwa sababu ya kifo, kujiuzulu au sababu nyingine yoyote ya kudumu, spika wa Seneti ndiye anayekaimu urais hadi uchaguzi ufanyike. Kwa hiyo swali la nani anatangulia ndani ya Seneti linagusa pia suala la nani anaweza kuishika dola katika siku ya dharura.

Ukongwe wa aina tatu

Neno ukongwe lina maana zaidi ya moja katika mabunge ya dunia, na ni vyema kuzitenganisha.

Aina ya kwanza ni ukongwe wa umri: aliyezaliwa mapema ndiye mkubwa, hata kama ameingia bungeni jana. Aina ya pili ni ukongwe wa utumishi: mkubwa ni yule aliyekaa bungeni kwa miaka mingi mfululizo, hata kama wenzake wamemzidi umri. Aina ya tatu ni ukongwe wa cheo cha zamani: mtu hupewa nafasi kwa sababu ya wadhifa alioushika kabla ya kuingia barazani.

Seneti ya Marekani ndiyo mfano unaojulikana zaidi wa aina ya pili. Huko, miaka ya utumishi mfululizo ndiyo inayompanga seneta katika orodha ya ukubwa, na kwa desturi seneta wa chama chenye wingi aliyetumikia muda mrefu kuliko wenzake huchaguliwa kuwa kaimu spika wa baraza hilo. Tangu Januari 2025 nafasi hiyo inashikiliwa na Chuck Grassley wa jimbo la Iowa, aliyeingia Seneti mwaka 1981. Ukongwe wa namna hiyo pia humsogeza seneta karibu na uenyekiti wa kamati zenye nguvu.

Kongo haikufuata njia hiyo. Katiba yake inatambua aina ya kwanza na ya tatu tu. Miaka ya utumishi haimpi seneta wa Kongo haki yoyote ya kikatiba ya kuwatangulia wenzake.

Ofisi ya muda: siku chache za mkongwe

Utaratibu wa umri umewekwa na kifungu cha 114. Siku ya kumi na tano baada ya Tume Huru ya Uchaguzi, CENI, kutangaza matokeo, kila baraza hukutana lenyewe katika kikao maalumu, bila kusubiri kuitwa na rais wala na serikali. Kikao hufunguliwa na katibu mkuu wa utawala wa baraza husika, ambaye ni mtumishi wa umma na si mwanasiasa. Yeye ndiye anayemkabidhi uongozi mjumbe mwenye umri mkubwa kuliko wote, akisaidiwa na wajumbe wawili wenye umri mdogo kuliko wote.

Kazi za ofisi hiyo ya muda zimeorodheshwa. Inasimamia uhakiki wa uhalali wa wajumbe, utayarishaji na upitishaji wa kanuni za ndani za baraza, pamoja na uchaguzi wa Ofisi ya Uongozi ya kudumu. Ofisi hiyo ya kudumu ina watu saba: spika, manaibu spika wawili, mwandishi wa taarifa na msaidizi wake, pamoja na msimamizi wa fedha na msaidizi wake. Wanapochaguliwa na kushika nafasi zao, kazi ya mkongwe imekwisha.

Mantiki ya utaratibu huo ni rahisi. Katika siku ambayo baraza halina kiongozi, mtu yeyote atakayechaguliwa kusimamia uchaguzi wa spika atashukiwa kuwa anapendelea upande wake. Tarehe ya kuzaliwa haichaguliwi na chama. Mkongwe hana deni kwa yeyote aliyempa kiti hicho, kwa sababu hakupewa na mtu. Wasemavyo Waswahili, penye wazee haliharibiki neno. Nao vijana wawili wanaoketi pembeni yake hupatikana kwa kipimo hichohicho kisichoegemea upande wowote.

Asili ya desturi hiyo ni mabunge ya Ulaya. Katika Seneti ya Ufaransa, kwa mfano, kikao cha kwanza huongozwa na seneta mzee kuliko wote, na maseneta sita vijana kuliko wote huwa makatibu wake. Lakini Wafaransa wamemwekea mzee wao mpaka: mjadala usiohusu kazi ya kulipatia baraza uongozi hauruhusiwi mbele yake. Suala la mpaka huo ndilo lililozua mvutano mkubwa mjini Kinshasa.

Umri ulipogeuka nguvu

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, Félix Tshisekedi aliingia madarakani akiwa na urais lakini bila wingi bungeni. Mseto wa FCC wa mtangulizi wake, Joseph Kabila, ndio uliokuwa na viti vingi katika mabaraza yote mawili. Julai 2019 mseto huo ulifanikiwa kumweka Alexis Thambwe Mwamba kwenye uspika wa Seneti kwa kura 65 dhidi ya 43 za Modeste Bahati Lukwebo.

Tarehe 6 Desemba 2020 Rais Tshisekedi alitangaza kuvunjika kwa ushirikiano huo. Siku nne baadaye, wabunge 281 dhidi ya 200 walipiga kura ya kumwondoa spika wa Bunge la Taifa, Jeanine Mabunda, pamoja na wenzake wa Ofisi ya Uongozi. Bunge likabaki bila uongozi katikati ya muhula, na kanuni ya umri ikatumika: Christophe Mboso, mbunge aliyezaliwa mwaka 1942, akashika usukani akisaidiwa na wabunge vijana.

Hapo ndipo swali la mipaka lilipoibuka. Wafuasi wa Kabila walishikilia kwamba ofisi ya mkongwe ina kazi moja tu, kuandaa uchaguzi wa viongozi wapya, na kwamba haina uwezo wa kupokea hoja dhidi ya serikali. Upande wa rais ulisema Bunge haliwezi kusimamisha kazi yake ya kuisimamia serikali kwa sababu tu halina spika wa kudumu. Katikati ya Januari 2021 Mahakama ya Katiba ilikubaliana na tafsiri hiyo ya pili. Tarehe 27 Januari, chini ya uenyekiti wa Mboso, wabunge 367 kati ya 500 waliunga mkono hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba, ambaye hakukubali uhalali wa kikao hicho. Alijiuzulu siku mbili baadaye.

Seneti ilifuata mkondo huohuo. Tarehe 5 Februari 2021 Thambwe Mwamba alijiuzulu huku akikabiliwa na hoja ya kumwondoa, na uongozi wa muda ukamwangukia mkongwe wa baraza hilo, Léon Mamboleo. Chini yake ukaandaliwa uchaguzi wa tarehe 2 Machi 2021, ambao ulimpa uspika Bahati Lukwebo, yule aliyeshindwa mwaka 2019. Mboso naye, aliyeingia kama msimamizi wa muda, alikuwa tayari amechaguliwa spika wa kudumu wa Bunge la Taifa tarehe 3 Februari.

Ingekuwa kosa kusema kwamba wazee hao wawili ndio waliobadili serikali. Wingi wa kura ulikuwa umekwishahama upande, na bila wingi huo mkongwe asingeweza kitu. Walichofanya ni kulifungua jengo na kuitisha kikao wakati ambapo kufunga mlango kungetosha kuzuia kila kitu. Nafasi iliyobuniwa kuwa ya mtu asiye na upande ilijikuta katikati ya mchuano mkali kuliko yote ya muhula ule.

Ni muhimu pia kutofautisha hali hiyo na ile ya spika mmoja kuondoka. Vital Kamerhe alipojiuzulu uspika wa Bunge la Taifa Septemba 2025, mkongwe hakuitwa. Naibu spika wa kwanza, Isaac Tshilumbayi, ndiye aliyekaimu. Umri huingia kazini pale ambapo hakuna aliyechaguliwa wa kushika nafasi.

Miaka mingi isiyo na daraja

Kama utumishi wa muda mrefu haumpi seneta haki ya kikatiba, je, una faida gani? Historia ya Léon Kengo wa Dondo inatoa jibu lenye sura mbili. Mwanasiasa huyo, aliyezaliwa mwaka 1935 na kuwa waziri mkuu wa Zaire kwa vipindi vitatu, alichaguliwa spika wa Seneti Mei 2007 kwa kura 55 dhidi ya 49 za mgombea wa muungano wa Rais Kabila, ingawa muungano huo ulihesabiwa kuwa na wingi. Uzoefu na mahusiano ya miaka mingi vilimpatia kura ambazo chama kisingempatia.

Sura ya pili ni ndefu kuliko ilivyokusudiwa. Muhula wa maseneta wa mwaka 2007 ulipaswa kwisha mwaka 2012, lakini uchaguzi wa mabunge ya mikoa haukufanyika kwa wakati. Kwa kuwa Katiba inasema muhula wa seneta humalizika pale Seneti mpya inapoanza kazi, maseneta hao pamoja na spika wao walibaki hadi mwaka 2019, yaani miaka 12 kwa muhula wa mitano. Ukongwe wao wa utumishi ulitokana na uchaguzi uliochelewa, wala si na wapiga kura waliowarudisha.

Jambo jingine linalopunguza thamani ya miaka ni utaratibu wa wajumbe mbadala. Seneta akiteuliwa kuwa waziri, mjumbe mbadala hukalia kiti chake; na tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2011, seneta huyo anaweza kukirudia kiti chake akiondoka serikalini. Katika mfumo ambao watu huingia na kutoka namna hiyo, orodha ya ukubwa kwa miaka mfululizo isingekuwa rahisi kuitunza.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2024. Baada ya uchaguzi wa maseneta wa mwishoni mwa Aprili, Pascal Kinduelo aliongoza ofisi ya muda kwa haki ya umri. Tarehe 12 Agosti alimkabidhi kiti Sama Lukonde, seneta wa Haut-Katanga na waziri mkuu wa zamani, ambaye alikuwa ametimiza miaka 47 siku nane tu kabla ya hapo na alikuwa katika muhula wake wa kwanza wa useneta. Mzee kuliko wote alisimamia uchaguzi. Aliyeshinda ni mgombea wa muungano wenye wingi.

Kiti cha maisha

Ukongwe wa aina ya tatu umo katika kifungu cha 104, kinachosema kwamba marais wa zamani waliochaguliwa ni maseneta wa maisha kwa mujibu wa sheria. Neno “waliochaguliwa” ndilo lenye uzito. Hadi sasa mtu mmoja tu ametimiza sharti hilo: Joseph Kabila, aliyeingia madarakani mwaka 2001 baada ya kuuawa kwa baba yake, akachaguliwa mwaka 2006 na 2011, na kuondoka Januari 2019. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 47. Mwenye kiti cha maisha, kwa hiyo, hakuwa mzee hata kidogo.

Shabaha ya kifungu hicho ni kumpa kiongozi anayeondoka mahali pa heshima, ili asione kuachia madaraka kuwa ni kupoteza kila kitu. Sheria ya Julai 2018 kuhusu hadhi ya marais wa zamani iliongeza marupurupu na kinga. Kwa nchi ambayo haikuwa imeshuhudia rais akimkabidhi mwenzake madaraka kwa amani, hilo halikuwa jambo dogo.

Mtihani ulikuja mwaka 2025. Mwendesha mashtaka mkuu wa jeshi aliiomba Seneti imwondolee Kabila kinga, akimtuhumu kushirikiana na waasi wa M23 waliokuwa wameteka miji ya Goma na Bukavu. Kabila alizikana tuhuma hizo. Watetezi wake walisema kwamba rais wa zamani hawezi kuondolewa kinga na Seneti peke yake, bali na mabaraza yote mawili yakikutana pamoja. Seneti ilimchukulia kama seneta, na tarehe 22 Mei 2025 maseneta 88 walikubali ombi hilo dhidi ya watano waliolikataa. Tarehe 30 Septemba, Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu adhabu ya kifo, yeye akiwa hayupo mahakamani, kwa makosa yakiwemo uhaini na uhalifu wa kivita.

Hivyo kiti ambacho hakihitaji kura ya mtu yeyote ili kupatikana kilihitaji kura za wenzake ili kiwe kinga. Kura hizo zilipokosekana, neno “maisha” halikumsaidia mwenye kiti.

Majirani wanafanyaje?

Nchini Kenya, Seneti yenye maseneta 67 haitumii umri kupata msimamizi. Katibu wa Seneti ndiye anayeongoza uchaguzi wa spika, na spika mwenyewe hatoki miongoni mwa maseneta. Amason Kingi, spika tangu Septemba 2022, aliingia akitokea ugavana wa Kilifi.

Rwanda inatambua umri kwa njia tofauti: seneta anatakiwa awe na miaka 40 au zaidi. Rais wa zamani aliyemaliza muhula wake kwa mujibu wa sheria anaweza kuwa seneta akiomba mwenyewe. Burundi nayo, katika Katiba ya mwaka 2005, iliwapa wakuu wa nchi wa zamani viti katika Seneti. Tanzania na Uganda zina mabunge ya baraza moja, hivyo suala la Seneti halipo.

Kinachosubiriwa

Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume ya kuangalia upya Katiba. Mjadala uliofuata umeelekea zaidi kwenye mihula ya urais kuliko kwenye Seneti. Lakini kifungu cha 104 kinamhusu yeye pia. Alitangazwa mshindi wa uchaguzi wa mwaka 2018 na wa mwaka 2023, na siku atakapoondoka madarakani atakuwa mtu wa pili katika historia ya Kongo kustahili kiti cha maisha katika Seneti.

Seneti itakayompokea itakuwa na mkongwe wake wa siku za kwanza, vijana wake wawili, na spika atakayechaguliwa kwa wingi wa siku hiyo. Itakuwa pia na kumbukumbu ya kura 88 za Mei 2025, inayoonyesha kwamba kinga ya rais wa zamani hudumu kadiri wenzake barazani wanavyoamua.